Kiongozi wa Biashara Naye Anatakiwa Kukua

Watu wanaokuja kuniomba ushauri wa biashara huanza na mtaji. Ulianza na shilingi ngapi, mashine ulinunua wapi, mkopo ulipata kwa masharti gani? Nawajibu bila kuficha. Lakini aliye na muda wa kukaa nami kidogo, mimi humwambia kinachonikaa moyoni zaidi: kiwanda changu kidogo cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma, kimesimama kwa sababu mimi ninaendelea kujifunza, na wanaofanya kazi nami wana ruhusa ya kubuni.

Alizeti yenyewe haikuachii ulale. Huku kanda ya kati mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Mavuno yakianza kuingia katikati ya mwaka, mbegu zinakuja kwa mpigo na wakamuaji wote tunazigombea. Miezi inavyosogea mbegu inaadimika na bei inapanda, na ukifika mwanzo wa mwaka unakuta mashine nyingi zimefungwa, wenyewe wanasubiri. Kwa hiyo mwenye kiwanda anatakiwa ajue mzunguko wa fedha kuliko anavyoijua mashine. Anunue kiasi gani sasa, ahifadhi kiasi gani, abakize nini cha mishahara na umeme.

Mimi nilikuwa najua mashine. Hesabu nimejifunza ukubwani. Nilimlipa kijana wa chuo awe anakuja jioni tukishafunga, anifundishe kusoma mapato na matumizi, kutenganisha fedha ya kiwanda na ya nyumbani, na kukadiria gharama ya lita moja ya mafuta kabla sijaipangia bei. Yule kijana ni rika la mwanangu wa kwanza. Nasema hivi kwa sababu najua wenye biashara wengi, hasa sisi watu wazima, tunaona aibu kukaa mbele ya mtoto na daftari. Ondoa aibu hiyo. Wafanyakazi waliponiona na daftari langu, msimamizi wa ghala akaomba naye akae, kisha binti wa mauzo. Sikuwaambia neno lolote kuhusu umuhimu wa elimu.

Kuna kujifunza kwingine ambako hakuna darasa. Viwanja vya Nanenane pale Nzuguni viko karibu nasi, na kila Agosti naenda kuzungumza na maafisa ugani na wauza mbegu. Huko ndiko nilikoelewa vizuri tofauti ya mbegu ya Record, ambayo wakulima wetu wameizoea kwa miaka mingi, na mbegu chotara zinazotoa mafuta mengi zaidi kwa gunia lilelile. Tangu hapo mazungumzo yangu na wakulima wa Kongwa na Mpwapwa yanaanza kabla ya kupanda. Tunaongea mbegu, tunaongea kukausha, na wakati wa mavuno ukifika tunajuana.

Na bajeti ya Serikali, jamani, isikilizeni. Ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ukipanda au ukishuka, bei ya alizeti inatikisika mpaka shambani. Hotuba inasomwa Juni, hapa hapa mjini kwetu, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, wakati ambao sisi tuko kwenye ununuzi. Siku ya hotuba tunazima mashine, tunawasha redio, tunakaa wote kuanzia mlinzi. Hotuba ikiisha namuuliza kila mmoja: hili lina maana gani kwetu? Mwanzoni walikuwa wananitazama mimi. Siku hizi mpakiaji mizigo anaweza kukueleza kwa nini mafuta ya mawese yakishuka bei wateja wetu wa jumla wanapungua, na anakueleza vizuri.

Hapo ndipo ubunifu unapoanzia, kwa maoni yangu. Mtu hawezi kubuni katika jambo asilolielewa. Ukiwaficha wafanyakazi hesabu zote, halafu ukalalamika kwamba hawana mawazo, unawaonea.

Nitoe mfano wa mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa mafuta. Kwa miaka mingi tuliyauza kwa magunia, kwa wafugaji na wafanyabiashara wanaojaza lori. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, mji umetanuka sana. Watumishi wamejenga Ilazo, Nkuhungu, Iyumbu, na wengi wana banda la kuku nyuma ya nyumba. Mimi hawa niliwaona kama wateja wa mafuta. Binti anayepima mafuta ndiye aliyesikia wanachouliza dirishani. Akaniambia, "Mama, hawa wa kuku wanataka mashudu, ila gunia hawana pa kuliweka. Tuwafungie kilo kumi kumi."

Nikamuuliza mifuko itatoka wapi na nani atapima. Alikuwa ameshaulizia bei ya mifuko. Kupima, akasema, kufanyike asubuhi kabla wateja hawajawa wengi. Nikampa fedha kidogo za majaribio, nikamwambia kazi hii ni yako, mwisho wa mwezi utanionyesha hesabu. Mifuko ikaisha kabla ya mwezi kwisha. Wateja wakaanza kumuuliza mashudu yanachanganywaje na pumba na dagaa, naye hakukisia. Alikwenda kwa afisa mifugo wa kata akaandika maelekezo, akayabandika ukutani karibu na mizani. Yule binti sasa anaongoza upande wote wa mashudu, na mimi sijawahi kumfundisha kuhusu chakula cha kuku.

Upande wa mashine tuna mzee mmoja ambaye anaijua alizeti kwa vidole. Gunia likifunguliwa anachota gao moja, anasugua, anapasua punje kwa ukucha, anasikiliza mlio. Ikiwa haijakauka sawasawa anatikisa kichwa tu na gunia linarudi juani, maana mbegu yenye unyevu inasumbua mashine na mafuta yake hayakai vizuri. Ujuzi wa namna hiyo ukiondoka na mtu mmoja, kiwanda kinayumba. Lakini huwezi kumwamuru mzee awamwagie vijana alichokusanya maisha yake yote, halafu umwache na mshahara uleule. Tulikaa, tukakubaliana awe mwalimu wa kiwanda, na malipo ya ualimu yakawa juu ya mshahara wake. Sasa kuna vijana wanaopasua punje na kusikiliza kama yeye, na bado wanamletea gunia la mashaka akate shauri.

Wapo wanaodhani ubunifu ni kuleta kitu cha kigeni. Ugogoni hapa alitoka mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ambaye alichukua zeze na ilimba, ala za muziki za kwao, akazipandisha kwenye majukwaa ya dunia. Hakuhitaji kuwa mtu mwingine. Mashudu nayo yalikuwepo pale kiwandani tangu siku ya kwanza.

Sio kila wazo tunalifuata. Kuna aliyependekeza tununue gari la kusambaza mafuta Dar es Salaam. Wazo si baya, ila hesabu zake hazikai, kwa sababu fedha ya gari ndiyo fedha ya mbegu. Nilimwita, nikafungua daftari, tukapiga hesabu pamoja mpaka akaona mwenyewe. Wazo likikataliwa kimyakimya, mwenye nalo hataleta jingine. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: kila pendekezo lina jibu ndani ya wiki, na jibu lina sababu. Linalokubaliwa linatengewa fedha ndogo ambayo hata ikipotea mishahara haitaguswa, na likianza kuleta faida, aliyelileta anapata sehemu yake kwa mwaka mzima wa kwanza. Binti wa mashudu alimnunulia mama yake cherehani kwa fungu hilo.