Ukianza kusoma Mishna, anza na swali la saa

Wanaonijia kuulizia maandiko ya Kiyahudi karibu wote huanza hivi: "Wayahudi wanasemaje kuhusu jambo fulani?" Nami nilianza vivyo hivyo. Nilisoma Kutoka 23:19, "Usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye," nikajiona nimeshamaliza habari ya nyama na maziwa. Mwalimu wangu akaniuliza, "Na kuku je?" Nikanyamaza. Kuku hana maziwa, na aya haimtaji. Marabi walimkataza kuku kwa maziwa, lakini Talmudi yenyewe, mkusanyo mkubwa wa mijadala yao, inasema kwamba kwenye mji wa Rabi Yose Mgalilaya watu walikuwa wakila. Kumbe kati ya aya ile na chakula cha mezani kuna karne za majadiliano, na kinachosomwa hasa ni hayo majadiliano.

Kwa hiyo uliza: nani kasema, na aliyempinga alikuwa na hoja gani?

Anza mwanzo kabisa, mlango wa kwanza wa Berakhoti, sehemu ya Mishna inayohusu sala na baraka. Mishna, kitabu cha mafundisho ya sheria ya marabi kilichokusanywa na Rabi Yehuda ha-Nasi kwenye mwaka 200 hivi, inafunguliwa kwa swali: Shema ya jioni, yaani maneno ya "Sikia, Israeli," husomwa kuanzia wakati gani? Halafu wanahitilafiana mwisho wake. Rabi Eliezeri anasema ni mwisho wa zamu ya kwanza ya usiku, wenye hekima wanasema usiku wa manane, Raban Gamalieli anasema mpaka alfajiri. Papo hapo kinaingia kisa: wanawe Gamalieli wamerudi kutoka karamuni, wanamwambia baba yao hawajasoma Shema. Anawajibu kwamba ikiwa alfajiri haijaingia, bado wanawajibika kusoma. Usipite haraka hapo. Mistari inayofuata inaeleza kwamba hata wenye hekima, kwa kusema usiku wa manane, walitaka tu kumweka mtu mbali na kosa.

Mishna inayofuata (kila kifungu nacho huitwa mishna) ni ya Shema ya asubuhi, na hapo msomaji wa Kiswahili ana bahati. Rabi Yehoshua anaruhusu mpaka saa tatu, kwa kuwa wana wa wafalme huamka saa tatu. Ni saa tatu hii hii yetu, inayohesabiwa tangu macheo. Angalia jambo moja tu: marabi waliugawa mchana mafungu 12 sawasawa, hivyo saa ya kipupwe kule Yerusalemu ni fupi kuliko ya kiangazi. Huku karibu na ikweta tofauti ni ndogo sana. Na aliyekulia pwani, anayejua kwamba usiku wa Ijumaa ndio unaoitangulia Ijumaa, hatashangaa Sabato kuingia Ijumaa jua linapotua.

Ukifika kwenye Talmudi, maneno ya Mishna na Gemara, yaani mjadala wa marabi wa baadaye juu ya Mishna, yako katikati ya ukurasa, na upande wa ndani, kwenye mshono wa kitabu, yuko Rashi, mfafanuzi wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Mshike huyo. Naye alifafanua Torati pia, na kwenye Mwanzo 28:5 aliandika wazi kwamba hajui maneno yale yanatufundisha nini. Nilipoyaona hayo nilipata moyo wa kuendelea.

Usisome peke yako. Tafuta mwenza, ambaye wao humwita havruta, msome kwa sauti. Akikuuliza, "Hilo umelitoa wapi?" weka kidole kwenye mstari. Usipouona mstari, liache.

Kwa mambo ya ibada na mila, muulize mtu desturi ya kwao. Baada ya nyama, wapo wanaosubiri muda wa saa sita ndipo wanywe maziwa, wenye asili ya Ujerumani wengi husubiri tatu, na wa Uholanzi moja. Ukiandika "Wayahudi husubiri saa sita" umewafuta wengine.

Na daftarini tenga kurasa chache za neno teku. Gemara huliandika pale swali linapobaki bila kuamuliwa. Kila ukilikuta, nakili swali lenyewe, jina la aliyeuliza na ukurasa.