Maswali ya Moyo: Mashine ya presha, miguu iliyovimba na sindano ya kila siku 28

Barua za safari hii zinafanana kwa jambo moja: karibu kila mwandishi, au mtu wake wa karibu, ana dawa aliyoiacha njiani. Wengine wameacha kwa sababu ya madhara madogo yenye tiba, wengine kwa sababu ya neno walilolisikia dirishani pa duka la dawa. Tunazijibu kwa urefu pale panapohitaji urefu.

*Shikamoo daktari. Nimemnunulia baba mashine ya presha Kariakoo. Asubuhi ilisoma 158/94, dakika kumi baadaye 141/86. Zahanati wakapata 166/98. Mashine ni mbovu? — Binti wa Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba, binti. Huenda mashine ni nzima, shida ipo kwenye upimaji. Anza na mkanda, kile kitambaa kinachofungwa mkononi. Kwenye mikanda mingi ya kawaida kumeandikwa sentimita 22 hadi 32. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono wa baba katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi 32, mkanda huo ni mdogo kwake na utampandishia namba. Utafiti uliofanyika Baltimore, Marekani, na kutolewa mwaka 2023, ulionyesha kuwa mtu mwenye mkono mnene sana akipimwa kwa mkanda wa kawaida namba ya juu, ile inayotangulia, huzidi kwa karibu 20. Ishirini nzima! Hapo mtu anaongezewa dawa kwa kosa la kitambaa.

La pili ni mahali mkono ulipo. Utafiti mwingine wa mwaka 2024 ulikuta kwamba mkono ukiwekwa mapajani namba ya juu inaongezeka kwa takriban 4, ukining'inia ubavuni inaongezeka kwa zaidi ya 6. Kwa hiyo baba akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono ulale juu ya meza, mkanda uwe usawa wa moyo. Ukingo wake wa chini ukae vidole viwili juu ya kiwiko, kwenye ngozi, si juu ya shati. Nusu saa kabla asinywe chai wala kahawa na asivute sigara. Akojoe kwanza. Akae kimya dakika tano, na wakati mashine inavuta asiongee na asiongeleshwe. Hili la kuongea ndilo linaloharibu vipimo vingi majumbani, maana mzee anapimwa huku anaulizwa ameamkaje.

Mpime mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kwa siku saba. Andika zote kwenye daftari, hata zile zisizokupendeza. Tupa za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu ndiyo presha ya kutibiwa. Hospitali mpaka ni 140/90. Kwa walio kwenye dawa, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2024 unataka namba ya juu ishushwe hadi kati ya 120 na 129 kwa wengi wanaoweza kuvumilia, si kuridhika na 139 kama zamani. Mpeleke baba na daftari hilo.

Akisoma 180/120 au zaidi na ana maumivu ya kifua, anahema, macho yana ukungu au mdomo umepinda, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kama hana dalili yoyote, apumzike dakika tano, rudia, halafu aonane na daktari bila kuchelewa. Msimwekee nifedipini chini ya ulimi ili "ishuke haraka". Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu.

*Nilianza dawa ya presha, amlodipini miligramu 5, baadaye wakanipandisha 10. Miguu ikavimba hadi viatu haviingii. Duka la dawa wakanipa dawa ya kukojoa, haikusaidia kitu. Nimeacha zote mwezi wa pili sasa. — Fundi cherehani, Tandika*

Pole sana, kaka. Rudi upimwe wiki hii, usisubiri kuumwa kichwa, kwa sababu presha kubwa mara nyingi haiumi popote.

Sasa kuhusu miguu. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini haiilegezi kwa kiasi hicho ile inayoirudisha moyoni. Damu inaingia kwa wingi kuliko inavyotoka, maji yanachuja kupitia kuta za vishipa na kutuama kwenye vifundo. Wewe unayekaa kwenye cherehani mchana kutwa, miguu ikiwa chini, unaongezea. Maji hayajazidi mwilini, yamekaa pasipo pake tu, ndiyo maana dawa ya kukojoa haikufua dafu. Ila uvimbe ukiwa mguu mmoja tu, au ukiambatana na kuhema na uso kujaa asubuhi, si kazi ya amlodipini. Moyo, figo na mishipa ya mguu vichunguzwe.

Tiba yake huwa rahisi. Daktari anaweza kukurudisha 5 na kuongeza dawa nyingine ya presha, ya kundi la losatani, ambayo hulegeza na ile mishipa ya kurudisha damu. Uvimbe hupungua na presha inashuka zaidi. Hapa ndipo sayansi imesogea na wagonjwa wengi hawajaambiwa: kuongeza dawa ya pili kwa dozi ndogo kunashusha presha takriban mara tano zaidi ya kuikuza ile ya kwanza mara mbili. Tena kwa Waafrika si kila jozi iko sawa. Utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, ulionyesha kwamba jozi zenye amlodipini ndani yake zilishusha presha vizuri kuliko jozi isiyo nayo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya dawa mbili ndani ya kimoja kwenye orodha ya dawa muhimu. Mwaka 2024 Nigeria wakajaribu kidonge kimoja chenye dawa tatu kwa dozi ndogo, nacho kikaishinda tiba ya kawaida. Muulize daktari wako waziwazi: "Hizi mbili zipo ndani ya kidonge kimoja?" Anayemeza kimoja hasahau kama anayemeza vinne.

Tahadhari tatu. Losatani na enalaprili, dawa nyingine ya presha, haziendi pamoja. Zote mbili, na ndugu zao, ni marufuku kwa mjamzito; mwanamke anayetarajia kubeba mimba aseme mapema abadilishiwe. Na enalaprili au lisinoprili ikikuletea kikohozi kikavu kisichoisha, usinunue dawa ya kikohozi: omba kuhamishiwa losatani, na kikohozi mara nyingi huisha ndani ya wiki chache. Midomo au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura, na dawa hiyo usiiguse tena.

*Baba mkwe ana miaka 71, hajawahi kuumwa moyo wala kiharusi. Anameza aspirini ndogo kila usiku "kulainisha damu". Aendelee? — Tabata Segerea*

Kwa maelezo yako, hakuna sababu. Utafiti wa zaidi ya wazee 19,000 wa Australia na Marekani, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kuwa kwa mzee asiye na ugonjwa wa moyo aspirini ya kila siku haikupunguza magonjwa hayo kwa kiasi cha maana, ila iliongeza kuvuja damu. Azungumze na daktari wake aiache. Aliyewahi kupata shambulio la moyo, kiharusi cha mshipa kuziba, au aliyewekewa stenti, yaani kijibomba cha kushikilia mshipa wa moyo wazi, jibu hili si lake! Huyo asiache hata siku moja kwa uamuzi wake, maana stenti inaweza kuziba.

*Nauza chakula Buguruni. Nimesikia kuna chumvi isiyopandisha presha. Ni kweli? — Mama ntilie*

Ipo, mama. Sehemu ya sodiamu imeondolewa na kuwekwa potasiamu. Katika vijiji 600 vya China, kwa watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye umri mkubwa na presha, chumvi yenye robo ya potasiamu ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Lakini wewe unapikia watu usiowajua. Mwenye figo mbovu, au anayetumia spironolaktoni (dawa ya moyo na presha), potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo wake. Hiyo ibaki ya nyumbani, kwa ushauri wa daktari. Pale kwenye banda ondoa kopo la chumvi mezani, punguza vile vipande vya mchuzi vya dukani maana ni chumvi tupu, maharage yatie chumvi mwishoni, na ndimu na pilipili ziwe karibu na mteja. Kiwango cha mtu mzima kwa siku nzima, kila kitu ndani, ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai.

*Mama ana moyo uliotanuka. Kapewa dawa nne, moja dukani wamesema ni ya kisukari. Hana kisukari! Tumeisimamisha. — Kijana wa Kimara*

Mrudishieni, baada ya kuwasiliana na kliniki yake. Waliomwandikia hawakukosea. Dawa hiyo, huenda ni dapagliflozini, ilianza kama dawa ya sukari, lakini mwaka 2019 utafiti wa wagonjwa 4,744 wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ulionyesha kuwa vifo vya moyo na kuzidiwa vilipungua kwa asilimia 26, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na kisukari. Leo ni moja ya nguzo nne za tiba, pamoja na dawa za kundi la bisoprololi (za kupunguza mapigo ya moyo), spironolaktoni, na enalaprili au ndugu zake. Kila moja inafanya kazi yake. Ukitoa mguu mmoja, kigoda hakikai.

Mjue mambo haya. Mkojo wake ukipimwa utaonyesha sukari nyingi, kwa sababu dawa inaitoa huko kwa makusudi. Aseme anaitumia asije akaanzishiwa tiba ya kisukari bure. Anaweza kupata fangasi sehemu za siri, basi ajisafishe na kujikausha vizuri na asione haya kusema. Akitapika, akiharisha au akishindwa kula, aisimamishe kwa muda na kuwasiliana na kliniki. Siku tatu kabla ya upasuaji pia. Akitaka kufunga, aulize mapema. Wiki moja au mbili baada ya kuanza spironolaktoni apimwe potasiamu na figo. Dozi zikipandishwa haraka baada ya kutoka wodini, na mgonjwa akionwa mara kwa mara, inasaidia: utafiti wa mwaka 2022 ulishusha vifo na kurudishwa wodini ndani ya siku 180 kutoka asilimia 23 hadi 15.

Mpimeni uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai. Kilo mbili ndani ya siku tatu si unene, ni maji. Mpigieni daktari siku hiyo. Na diklofenaki au ibuprofeni za maumivu ya magoti zisiingie nyumbani kwa ajili yake, kwani hushika chumvi na maji na kuvuruga figo. Kama anaruka furosemidi, dawa ya kukojoa, kwa kuogopa kubanwa na mkojo kwenye mwendokasi, asiiruke: aimeze akishafika aendako, ilimradi isiwe usiku.

*Mwanangu ana miaka 11, eko, kile kipimo cha picha ya moyo, imeonyesha valvu, yaani mlango wa moyo, imeanza kuharibika kidogo. Anachomwa penisilini kila mwezi na analia sana. Ni lazima? — Mama wa Vingunguti*

Ni lazima, mama, na tunajua inavyouma kumshika mtoto anayelia. Chanzo cha valvu kuharibika hivi huwa ni maambukizi ya koo: mwili unapopigana na bakteria hao unaishambulia na valvu, na kila maambukizi mapya yanaongeza kovu. Uganda walifuatilia watoto 818 waliogunduliwa mapema kama wako. Baada ya miaka miwili, valvu ziliharibika zaidi kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Ni tofauti ya mara kumi kwa dawa ya siku nyingi.

Hesabu siku 28, si mwezi wa kalenda. Akichomwa Jumamosi, ni Jumamosi ya nne inayofuata. Ukichelewa, kinga inapungua kwenye damu. Kuhusu maumivu, dawa hii ni nzito, nyeupe kama maziwa, na chembe zake hutuama. Isipotikiswa vizuri sindano inaziba na mtoto anachomwa mara mbili. Mwombe muuguzi aitikise, achanganye na ganzi kidogo kama daktari ameruhusu, na asukume taratibu kwa dakika mbili au tatu. Mtoto awe amekula na kunywa maji, alale badala ya kusimama, na mkae nusu saa kabla ya kuondoka. Valvu ikija kuharibika vibaya au moyo ukizidiwa, sindano yenyewe inaweza kuwa hatari, na hapo daktari humhamishia vidonge vya kila siku. Kwa valvu inayohitaji kutengenezwa, kazi hiyo inafanyika hapa hapa mjini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ndani ya eneo la Muhimbili.

*Gesi ya kifua na shambulio la moyo nitavitofautishaje usiku? — Msomaji, Sinza*

Kwa kujipapasa hutaweza, kinachotofautisha ni kipimo cha umeme wa moyo. Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, zaidi ya dakika kumi, pengine maumivu yakipanda tayani au mkononi na jasho la baridi likikutoka, usinywe magadi ukasubiri asubuhi. Mwenye kisukari, na wanawake wengi, wanaweza wasisikie maumivu makali, wakapata kichefuchefu, kuhema na uchovu wa ghafla tu. Tafuna, usimeze nzima, aspirini miligramu 300, yaani vidonge vinne vya 75, kama huna mzio nayo, huvuji damu popote na mdomo haujapinda. Usiendeshe mwenyewe. Ukifika sema "kifua kinabana" mlangoni kabisa, kabla ya foleni ya kadi, kwa kuwa kipimo hicho kinatakiwa ndani ya dakika kumi za kufika. Mshipa ulioziba unaweza kuzibuliwa kwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu au kwa mrija unaopitishwa mkononi. Dawa ya kuyeyusha inafanya vizuri zaidi saa tatu za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake ni ndogo. Kwa hiyo usiku huu huu amua nani atakupeleka na hospitali gani ya karibu yenye kipimo hicho, na hizo aspirini nne ziweke pahali ambapo hata mtoto mkubwa wa nyumba anajua zilipo.