Kabla ya kumuuliza anapiga nini, muulize ametokea muziki gani

Wanaotaka kuanzisha bendi ya bluzi huniuliza wawe watu wangapi na wapige vyombo gani. Jibu lake ni jepesi: drams, besi, gitaa na mwimbaji, ukimpata mpiga harmonika au mpapasa kinanda, shukuru. Ningependa zaidi waniulize hao wanamuziki wamekulia muziki gani. Mimi napiga besi katika bendi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeanza na bluzi. Karibu kila raha na kila ugomvi wa mazoezini kwetu umetokana na hilo.

Mpiga drams wetu ametoka kwenye jazi. Watu husikia hivyo wakatupongeza, kana kwamba anayeweza jazi ameshaimaliza bluzi. Mkono wake wa kulia ni mwepesi, kweli, lakini jazi imemzoesha kuongea na kila mtu jukwaani. Bluzi inamtaka atulie. Mdundo wa shafo hugawa kila pigo sehemu tatu, wewe unapiga ya kwanza na ya tatu, basi, wimbo mzima bila mapambo. Mtu aliyesoma sana huona anadharauliwa. Sikumhubiria, nilimpa rekodi za Fred Below. Below alikuwa mpiga drams wa jazi mjini Chicago, akaingia kwenye bluzi mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamoja na ndugu Louis na Dave Myers, na mwanzoni ilimpa shida kwa sababu haikufanana na aliyoyazoea. Baadaye ndiye aliyesikika nyuma ya Little Walter, mpiga harmonika wa bluzi, na Chuck Berry wa rock and roll. Ukiwa na mwanajazi, mtafutie mwanajazi mwenzake aliyepita njia hiyo. Atamsikiliza kuliko atakavyokusikiliza wewe.

Kazi kubwa ilikuwa kwa mpiga gitaa, mtoto wa roki. Ana vidole, ana amplifaya kubwa, na hapendi kuona nafasi tupu. Sasa tazama umbo lenyewe la bluzi ya vipimo 12 (kipimo ni fungu la mapigo, kwa kawaida manne): mistari mitatu ya maneno, kila mmoja na vipimo vyake vinne. Mwimbaji huchukua takriban nusu ya kila mstari, na nusu inayobaki ni ya chombo kumjibu. Anayejaza pande zote mbili amemnyang'anya mwimbaji wimbo. Kumwambia "punguza sauti" hakusaidii, maana atapunguza leo na wiki ijayo amerudi palepale. Kilichosaidia ni kumpa kazi nyingine kabisa: kwa muda, solo akaiacha, akapiga gitaa la chini, lile la kusindikiza na kubeba wimbo. Ndiyo kazi aliyoifanya mpiga gitaa Jimmy Rogers pembeni ya Muddy Waters, mwimbaji mkubwa wa bluzi, na hakuna mwenye masikio anayemwona Rogers mdogo. Aliporudi kwenye solo alikuwa amejifunza kusubiri. (Amplifaya bado ni kubwa. Hilo nimeliacha.)

Mwimbaji ametoka kwaya ya kanisani. Msiogope watu wa kwaya. B.B. King, yule mwanabluzi maarufu wa gitaa, aliimba nyimbo za injili ujanani, na Thomas A. Dorsey, anayeitwa baba wa muziki wa injili Marekani, kabla ya hapo alikuwa akimpigia piano Ma Rainey, anayeitwa mama wa bluzi. Ni watu wa ukoo mmoja. Mwimbaji wetu alikuja akijua kuitikia, kuvuta neno na kushusha kidogo ile noti ya tatu ya ngazi ya muziki bila kufundishwa. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumlazimisha aimbe kwenye ufunguo wa E (ufunguo ni noti ambayo wimbo umejengwa juu yake) kwa sababu tu wapiga gitaa wanapenda nyuzi zao zilizo wazi. Anza na koo la mwimbaji. Likitaka G au C, gitaa litafuata. Vidole vina njia nyingi, koo lina moja.

Ila ukibadilisha ufunguo, mwambie mpiga harmonika mapema. Harmonika ndogo ya matundu kumi ina ufunguo wake maalumu, na wapiga bluzi huchukua ya ufunguo tofauti na wa wimbo: wimbo wa E hupigwa kwa harmonika ya A, wa G kwa harmonika ya C. Asipokuwa nayo mfukoni, amekuja kutazama. Wetu alijifunza peke yake, chumbani, kwa kufuata rekodi, na watu wa namna hiyo wana sauti tamu lakini hawahesabu vipimo. Mwanabluzi John Lee Hooker alibadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja) pale moyo ulipomtuma, na alipokuwa peke yake na gitaa lake ilikuwa sawa kabisa. Katika bendi ya watu watano mnagongana. Dawa yetu ilikuwa kumfanya aimbe kwa mdomo mstari wa besi wa vipimo vinne vya mwisho, hadi akajua mwili mzima mahali pa kurudi mwanzo.

Usimuulize mtu anapiga mtindo gani, maana kila mmoja atajibu "yote". Muulize nani alimfundisha na nyumbani kulipigwa rekodi gani. Kisha pigeni bluzi ya polepole, ile ambayo kila pigo limebeba vipigo vitatu vidogo. Ya haraka huficha mengi. Tena hiyo ya polepole mwanakwaya anaijua kutoka kanisani na mwanajazi anaijua kutoka kwao, kwa hiyo hata watu wasiofahamiana hupata pa kukutania. Nyimbo zetu za kwanza zilikuwa za aina hiyo karibu zote, na za shafo zikaja baadaye.

Kwa sasa tunatafuta mpapasa kinanda. Wanaokuja wengi wamezoea kusindikiza kwaya peke yao, kwa hiyo mkono wa kushoto unapiga besi yote, yaani kazi yangu, na pale chini panakuwa matope. Naanza kwa kuwaomba wapige wimbo mzima kwa mkono wa kulia tu. Mmoja aliuliza kama namtania. Mwingine alicheka, akaweka mkono wa kushoto mapajani na kuanza kupiga. Huyo tumemwita tena Jumamosi.