Muulize Daktari: "Mwanangu amevunjika mguu Marekani, akakataa gari la wagonjwa"

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwanangu wa pili yuko Ohio mwaka wa 3 sasa, alipata ile grinikadi ya bahati nasibu, kibali cha kuishi kule. Kazi yake ni ya usiku, ghala la mizigo, kupitia wakala. Februari aliteleza kwenye barafu nje ya nyumba anayopanga, kifundo cha mguu kikavunjika. Majirani wakataka kuita gari la wagonjwa. Akawakatalia, amelala pale chini anawaambia "msipige simu, msipige simu", mpaka mmoja akampakia kwenye gari lake. Sasa anadaiwa dola 6,400 na bahasha bado zinaingia. Baba yake anasema ni uongo, kijana anakwepa mchango wa harusi ya dada yake, kwamba Marekani hakuna mtu wa kushindwa hospitali. Wewe umekaa huko. Nani mkweli? Na je, wanaweza kumfunga?
Mama Asiyelala, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie mzee kijana wake anasema kweli.

Nimetibu watu Ohio miaka 19 kabla sijarudi kuangalia migomba ya marehemu mama yangu Kirua. Mwaka wa kwanza tu, usiku mmoja, alitufikia fundi bomba wa miaka 52. Kifua kinambana, shati limelowa jasho, na amejiendesha mwenyewe. Gari ameliacha mlangoni, taa zinawaka, injini inanguruma. Mtu moyo wake unakufa na ameshika usukani! Nilipomsogelea na sindano alinikamata kifundo cha mkono, akauliza: "Kabla hujachoma, hiyo bei gani?" Nikamgeukia muuguzi. Akapandisha mabega. Hakuna mtu chumba kile aliyejua bei, na mimi daktari nikiwemo.

Hilo lilinishangaza kuliko maghorofa yao. Hapa kwetu dirisha la malipo linaudhi, najua, lakini ukilifikia unatajiwa bei na unajua ni mbuzi wangapi wa kuuza. Kule unatibiwa kwanza, bei inakufuata nyumbani kwa posta. Bahasha ya hospitali. Wiki mbili baadaye ya daktari. Kisha ya aliyesoma eksirei, mtu ambaye hujawahi kumwona sura. Kisha maabara. Kwa hiyo bahasha za mwanao si ajabu, na dola 6,400 kwa kifundo kilichovunjika, kwa mtu asiye na bima, haikunishtua hata kidogo.

Na gari la wagonjwa alilikataa kwa akili zake timamu. Tangu Januari 2022 ipo sheria inayowalinda wenye bima wasibambikiwe bili za ghafla. Inagusa mpaka helikopta za wagonjwa. Magari ya wagonjwa ya barabarani yaliachwa nje. Kama hata mwenye bima halindwi hapo, sembuse mwanao asiye nayo; analijua hilo kama wewe unavyojua bei ya debe la mahindi.

Mzee atauliza: nchi tajiri hivyo, bima iko wapi? Bima yao wengi imefungwa kwenye kazi. Ni mambo ya vita vile vikuu vya pili: serikali ilizuia mishahara kupanda mwaka 1942, waajiri wakawa wanavutia wafanyakazi kwa kuwapa bima badala ya pesa, na mtindo ukabaki. Kazi ikikatika, bima inakatika siku zilezile unazoihitaji. Wakala wa ghala mara nyingi hatoi bima ya maana. Bima ya serikali kwa maskini, Medicaid, mwenye grinikadi kwa kawaida huisubiri miaka 5. Mwanao yuko wa 3. Ameanguka katikati ya daraja.

Kufungwa, hapana. Deni la hospitali si jinai. Ila asithubutu kuzitupa bahasha droo ya chini kama walivyofanya wagonjwa wangu wengi, maana deni linaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni, wakaenda mahakamani, mshahara ukaanza kukatwa. Afanye hivi: apige simu hospitali, aombe bili yenye mchanganuo, kila kitu na bei yake. Nimeona bili zikipungua kwa ombi hilo peke yake. Halafu aulize kama hospitali imesajiliwa kuwa isiyo ya faida. Nyingi ziko hivyo, hazilipi kodi, na sheria ya 2010 inazilazimisha kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwapunguzia au kuwasamehe wasio na uwezo. Ana siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Aambatanishe hati za mshahara. Wakimwambia hakuna fomu kama hiyo, aombe msimamizi. Fomu ipo. Haipendi tu kuonekana.

Jingine, ulizia alipewa dawa gani ya maumivu. Hapa naongea na doa langu mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tuliambiwa vidonge vya jamii ya afyuni vinafaa hata kwa mgongo wa kawaida, kwamba anayeumwa kweli hawi mraibu. Nikaandika. Fundi paa mmoja nilimwandikia mwenyewe miezi 7. Vidonge vilipobanwa, watu wa namna yake wakahamia heroini, kisha fentanili iliyo kali zaidi. Mwaka 2021 waliokufa Marekani kwa kuzidisha dawa za kulevya walipita 100,000 ndani ya mwaka mmoja, na Ohio iliumia mapema. Nilimsoma fundi paa wangu kwenye tangazo la kifo gazetini. Basi mwanao kama ana vidonge hivyo vilivyobaki, avirudishe duka la dawa.

Usidhani nasema kwetu peponi. Hapa kuna wagonjwa waliozuiwa wodini mpaka ukoo uchange, na gongo inavyowamaliza vijana wa mlimani sihitaji kukuhadithia, unapita nao kila siku ukienda sokoni. Lakini angalau ukoo unachanga. Kule fomu ya mgonjwa ina mstari: mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Nilizoea kuusoma kabla ya vipimo. Wengine waliandika mwenye nyumba. Wengine bosi. Mzee mmoja aliandika namba niliyoifahamu, nikarudia kuisoma mara mbili. Ilikuwa ya kliniki yetu wenyewe.

Muulize mwanao ameandika namba ya nani pale. Kama ni ya wakala wa ghala, atafute Mtanzania wa karibu, wapo Columbus wanaokutana kanisani na misibani. Na mpigie wewe, usisubiri yeye apige, maana anayetafutwa kwa ajili ya pesa tu huanza kuogopa simu. Akitoka kazini asubuhi anarudia kitanda kitupu na mguu unamuuma. Miezi ya joto kule wewe uko mbele yake saa 7: ukipiga saa 9 alasiri, kwake ni saa 2 asubuhi, anakunywa chai. Ongea naye habari za ng'ombe.

Jina lake kwenye daftari la mchango wa harusi lifute. Kamati ikiuliza, mtume mzee akawajibu.