Aliweza Kufariki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani wa Soweto, Moshi. Kila asubuhi redioni husomwa matukio ya kihistoria, na mtangazaji huanza kwa kusema "siku kama ya leo". Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anashikilia kwamba hayo ni makosa na kwamba inatakiwa "tarehe kama ya leo". Nani amepatia?

JIBU: Marahaba. Jirani yako ana hoja, ingawa ni hoja ya mtu mwenye nafasi. Tarehe 12 Aprili 1961, Yuri Gagarin alipoizunguka dunia, ilikuwa Jumatano. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, ilikuwa Alhamisi. Tarehe moja, siku mbalimbali. Hata hivyo, "siku" katika Kiswahili haifungwi na juma, na ndiyo maana hakuna anayesubiri Jumatano irudi ndipo aadhimishe siku yake ya kuzaliwa. "Tarehe" lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao neno lao hubeba pia maana ya historia. Semeni lolote kati ya hayo mawili.

Kinachonikera mimi huja baada ya hayo maneno "siku kama ya leo". Mwezi Aprili nilikuwa mgahawani Kaloleni, hapa Arusha, chapati mkononi, redio ikiwa juu ya kabati la vitumbua. Mtangazaji akasema kwamba siku kama ya leo Gagarin alikwenda anga za juu, kisha, bila kupumua, kwamba siku kama ya leo Hayati Sokoine "aliweza kufariki dunia". Mzee mmoja aliyeketi meza ya pili, mtu wa Monduli kama marehemu, akakishusha kikombe chake taratibu akauliza, "Kwani alikuwa akijaribu?"

Sijasikia uchambuzi wa sarufi ulio bora kuliko huo. Kuweza ni kuwa na nguvu, ujuzi au nafasi ya kutenda jambo, hasa jambo ambalo lingeweza kushindikana (na hilo "lingeweza" ni halali, usinishike hapo). Anayesema kwamba mtu aliweza kufariki anatuambia kwamba marehemu aliikusudia ajali, akaihangaikia, na hatimaye akafaulu. Cha kusikitisha zaidi ni kwamba aliyestahili kitenzi hicho asubuhi ile alikuwa mwenzake wa tarehe: Gagarin, aliyefungwa ndani ya chombo cha Vostok 1 na kurudi salama baada ya dakika 108, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya kabla yake. Huyo aliweza. Yeye akapewa "alikwenda", kana kwamba alipanda daladala ya Tengeru.

Ugonjwa huu haumwachi mtu wala kitu. Tunaambiwa kwamba Azimio la Arusha "liliweza kutangazwa" tarehe 5 Februari 1967 na kwamba CCM "iliweza kuzaliwa" tarehe hiyo hiyo mwaka 1977, wakati Azimio lilitangazwa tu, na tarehe ya kuzaliwa kwa chama ilichaguliwa makusudi ilingane na ile ya Azimio. Nasikia pia "mvua iliweza kunyesha". Nimechoka, kwa hiyo nitasamehe "Tanganyika iliweza kupata uhuru", kwa kuwa uhuru ulipiganiwa, na nitakubali kwa mikono miwili kwamba Luteni Alexander Nyirenda aliweza kuufikisha Mwenge kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Wewe unauona mlima huo kutoka kwenye cherehani yako. Unajua kwamba wapo wanaoupanda wasiweze.

Jirani yako mpe salamu zangu. Mwambie aiache "siku" ilivyo, ahamie kwenye "aliweza", ambako kuna kazi ya kuwatosha wastaafu wote wa Moshi.