Kabla hujamsifia mteja injini, jua amekuja na jina gani kichwani

Wewe unayeanza kazi kwenye yadi ya magari Dar es Salaam, anza kwa kumsikiliza mteja. Wengi wanafika wameshaamua: IST, Vitz, Harrier. Hajakagua chochote, ila jina analo.

Chukua Toyota Passo na Daihatsu Boon. Yote mawili yalitoka 2004, yote ni kazi ya Daihatsu, na yale ya CC 996 yana injini moja, 1KR ya silinda tatu. Ukiziba nembo utababaika kuyatofautisha. Lakini mteja akiona Boon swali la kwanza ni, "Spea zake zinapatikana?" Fungua boneti zote mbili, aone mwenyewe.

Ila usimwone mshamba. Jina la Toyota hapa kwetu limebeba vitu vya kweli: fundi wa Tunduma analijua, spea zimejaa Kariakoo, na siku ya shida gari linauzika haraka. Aliyenunua kwa mkopo wa SACCOS anaifikiria siku hiyo tangu mwanzo. Hata Marekani ilikuwa hivyo. Kiwanda cha NUMMI kule Fremont, California, ubia wa General Motors na Toyota ulioanza kuzalisha 1984, kilitoa Toyota Corolla na Geo Prizm ya General Motors, magari yaliyokaribia kuwa pacha. Yakishatumika, Corolla ndiyo iliyoshika bei.

Kinachonikera ni namba za usajili. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu inaonyesha gari limesajiliwa lini Tanzania, basi. IST la 2005 likisajiliwa mwaka huu linapewa namba mpya kabisa, na lenzake lililotengenezwa mwaka uleule lakini likaingia zamani linabaki na namba C. Halafu tangazo linapiga kelele "NAMBA E!" na mwaka wa kutengenezwa haupo popote. Watu wanaongeza pesa nzuri kwa ajili ya herufi hiyo. Tafadhali, wewe andika mwaka kwanza, namba baadaye, na kadi ya gari umwonyeshe kabla hajauliza.

Sifa nyingine hakuna kampuni iliyoilipia. Harrier ya toleo la pili mtaa uliibatiza "tako la nyani", na hadi leo mteja anaiulizia kwa jina hilo. Mbele ina nembo ya ndege, hata ile ya Toyota haipo, na haijaipunguzia soko.

Kwa hiyo kabla ya bei, muulize atakaa na gari muda gani. Akisema mwaka mmoja au miwili kisha auze, mwache alipie jina, litamrudishia. Akisema ni la kupeleka watoto shule mpaka lichoke, mwonyeshe Boon, na tofauti ya bei aiweke kwenye matairi na bima.