Shangazi, nimeweka bei kwenye hadithi yangu na rafiki amenikimbia

*Shikamoo Shangazi. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika hadithi za mashabiki, nikiwatumia wahusika wa tamthilia moja maarufu. Hadithi yangu ndefu kuliko zote imefika sura ya 41. Miezi miwili iliyopita nilipunguzwa kazini. Wasomaji walipoanza kuuliza sura ya 42 iko wapi, niliwajibu kwamba ipo, ila kuanzia sasa anayetaka kusoma alipie kidogo. Wachache walilipa, wengine wakaniita mwizi. Kilichoniuma zaidi ni rafiki yangu anayenisahihishia kazi zangu tangu mwanzo, bila malipo. Aliandika "Hongera" tu, akatoka kwenye kundi letu. Hapokei simu yangu. Kosa langu liko wapi? Mbona wanaochora wahusika haohao wanauza picha na hawatukanwi?*

*Mwandishi Asiye na Mshahara*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Wewe si mwizi. Kutaka ujira wa jasho lako si dhambi, na hao waliokutukana wengine ni walewale wa "sura mpya lini?" ambao kwa miaka minne hawajakuandikia hata ahsante. Hao waache.

Lakini sura ya 42 si yako peke yako. Wahusika wana mwenyewe. Sheria za hakimiliki hutofautiana nchi na nchi, ila nyingi humpa mtunzi haki ya kuamua nani atengeneze kazi nyingine kutokana na yake. Marekani wana kinga wanayoiita matumizi ya haki (fair use), yaani ruhusa ya kutumia kazi ya mtu bila idhini yake katika hali fulani, katika kifungu cha 107 cha sheria yao ya hakimiliki. Hakimu hupima mambo manne, na katika lile la kwanza huuliza kama kazi ni ya biashara au la. Biashara peke yake haikuangushi, Mahakama yao ya Juu ilishalisema hilo mwaka 1994, ila inakutia uzito. Ndiyo maana mashabiki wameshikilia neno "bure" kama mwavuli. Mwavuli si paa, lakini wewe umeufunga mvua ikinyesha. Mwaka 2023 mahakama huko Marekani ilimwamuru mtu mmoja aliyeandika na kuuza muendelezo wake wa riwaya ya The Lord of the Rings aziharibu nakala zake na alipe gharama za mawakili, zaidi ya dola 130,000. Na yeye ndiye aliyetangulia kushtaki!

Kisha kuna kumbukumbu ya maumivu ambayo pengine hukuwa na habari nayo. Mwaka 2007 kampuni iliyoitwa FanLib ilitaka kukusanya hadithi za mashabiki ili yenyewe ipate faida. Mashabiki walikasirika, na mwaka huohuo baadhi yao wakaanzisha shirika lao lisilo la faida, Organization for Transformative Works, ambalo mwaka 2009 lilifungua hazina ya hadithi iitwayo Archive of Our Own. Inaendeshwa kwa michango, haina matangazo, na mwandishi haruhusiwi hata kubandika kiungo cha kuomba pesa. Waliozoea mazingira hayo, wakiona umetia kufuli, hawaoni shida zako za kodi. Wanaiona FanLib inarudi.

Kuhusu wachoraji, hapo nakukubalia. Nao wanatumia wahusika wa watu, na kisheria wamesimama kwenye kivuli kilekile. Mazoea tu yamewapendelea. Hata hivyo, kosa la jirani halitakurudishia rafiki.

Sasa tuje kwa huyo rafiki. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja: "Nilimuuliza kwanza." Sikuiona. Sura 41 amezipitia, amekusahihishia majina uliyoyachanganya, labda amekuambia pia usiku wa manane kwamba mhusika wako hawezi kusema maneno hayo. Alikupa kama zawadi. Siku moja akafungua akakuta zawadi yake ina bei, naye anadaiwa alipe ili asome alichokisahihisha mwenyewe. Kwa mtu wa maneno mengi kama msahihishaji, ile "Hongera" moja ilikuwa barua ndefu.

Usimpelekee mgawo wa pesa. Najua utashawishika, lakini utakuwa umemaliza kumgeuza kibarua. Mwandikie: "Nilipaswa kukuuliza kabla. Sikukuuliza. Nisamehe." Usiongeze "lakini hali yangu." Hali yako anaijua. Asipojibu wiki hii, usimsukume.

Waliolipa, warudishie chao, kisha waeleze wote kwa sentensi mbili kwamba hadithi inabaki bure mpaka mwisho. Usihubiri.

Pesa bado unaihitaji, nami sijasahau. Mtu aliyeandika sura 41 na watu bado wanadai ya 42 ana kipaji cha kuuza, ila auze kilicho chake. Tunga wahusika wako, na ulimwengu wako. Wapo wanaochukua hadithi ya mashabiki wakabadilisha majina na mazingira wakaiuza. Riwaya ya Fifty Shades of Grey ilianzia kwenye hadithi ya mashabiki wa riwaya za Twilight. Inawezekana, ila ukibadilisha majina tu huku nyuso za wahusika wa watu zinaonekana chini ya rangi, hujatoka popote, na wapo wasomaji wa awali watakaohisi umewatumia kama ngazi. Mimi ningeanza upya kabisa. Waambie mapema kwamba hii mpya ni ya kulipia, na msahihishaji wake, awe yeye au mwingine, mpatane ujira kabla ya sura ya kwanza.

Ila kwanza fungua sura ya 42. Ifungue kabla ya kumwandikia rafiki yako, ili akienda kuchungulia, na atachungulia, aikute wazi.

Shangazi